Nani Aliyehesabu Mbu Hawa

Ifakara,
Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje tangu uanze ile dawa ya kuchua? Na migomba ya nyuma ya nyumba, upepo wa juzi umeiacha salama? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kazi ya mitego ya mbu inaendelea.

Dada Rosemery alifika jana. Ameniambia kwamba humsalimii Mama Evod tangu wiki iliyopita, kwamba kanisani umehama benchi mlilokuwa mkikaa pamoja, na kwamba Jumapili baada ya misa, jumuiya ikimuaga Evod, utasimama useme mbele ya watu wote kuwa mtoto wake amekula kazi ya mwanao. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga. Simu yako huwa unaiweka sauti kubwa, na haya nataka uyajue wewe kwanza. Rosemery anarudi Sanje kesho asubuhi. Nimemwambia akukabidhi mkononi.

Nitakueleza kwa mpangilio, kama yalivyo kwenye daftari langu la kila siku.

Jumanne, 24 Septemba, palikuwa na mkutano wa wataalamu wa mbu hapa Ifakara. Bosi wetu, Bwana Hilari, alinitaka nisimame kwenye bango lenye takwimu zangu za miaka mitatu, nijuane na watu. Dkt. Balbina alikuwa anatafuta msimamizi wa kituo kipya cha Mlimba, na mkataba wangu unaisha Desemba. Evod alikuja kunisaidia kubeba bango. Mimi nilikuwa nimeandika sentensi tano za kujitambulisha, nikazifanyia mazoezi juu ya baiskeli siku nne, mpaka muuza maandazi wa Katindiuka akaniuliza naongea na nani.

Wakati wa chai nilisimama na kikombe karibu na ukuta, nikasoma ratiba mara nne. Nilihesabu watu: sitini na wanne, na kila mmoja ana wa kucheka naye. Nilipopiga hatua kumwendea mtu, mwingine alimfikia kabla yangu, nami nikageuka kama niliyesahau kitu. Evod akanitania, "Fonsi, mbu unawajua mpaka dume na jike, binadamu ndio wanakutoa jasho!"

Saa tano Dkt. Balbina alifika kwenye bango letu na wenzake wawili. Alilisoma lote, polepole. Kisha akauliza nani aliyehesabu mbu hawa, maana hajawahi kuona takwimu za mitego zisizoruka hata siku moja. Wote watatu wakanitazama. Mama, masikio yaliziba. Sentensi zote tano zilipotea.

Unaamini kuwa hapo ndipo Evod aliponirukia mbele. Sivyo. Mimi ndiye niliyenyoosha kidole nikasema, "Ni huyu, Evod. Muulizeni yeye."

Evod alicheka akidhani natania. Baadaye akajibu maswali, maana mitego anaijua, na mara mbili alisema anayeandika ni mwenzake. Lakini mimi nilikuwa nimeshapita nyuma ya bango, nimechuchumaa, najifanya nabana pini.

Daktari alipompigia simu kumpa ile kazi ya Mlimba, Evod alikuja chumbani kwangu kabla ya kumjibu. Alisema, "Kaka, hii ni yako. Sema neno moja tu, namwambia ukweli." Nikamwambia aende. Niliona afadhali nikose kazi kuliko kueleza kwamba nilijificha. Na wewe uliponiuliza imekuwaje mtu niliyemfundisha mwenyewe kutega mtego aondoke na nafasi yangu, nilikujibu, "Watu ndivyo walivyo, mama." Huo ndio uongo wangu. Hayo mengine yote umeyajenga juu yake.

Leo asubuhi nimemweleza Bwana Hilari. Amesema Evod ameshasaini, kazi hairudi, na Evod ataiweza. Ni kweli ataiweza.

Jumapili nakuja kwa gari la kwanza. Nakuomba usisimame. Nitasimama mimi, mbele ya Mama Evod na jumuiya nzima, niseme nilichofanya. Unanijua, huenda nikanyamaza katikati. Usinimalizie sentensi, mama, hata watu wakianza kukohoa. Niache nimalize mwenyewe.

Nisalimie bibi Verediana na wote hapo nyumbani. Mungu akulinde mpaka tuonane keshokutwa.

Mimi mwanao,
Ildefonce