Viini Viwili na Feni ya Baba

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu kabla hujapokea hasira zangu, maana nimezitia kwenye bahasha moja na sijui zipi zitatoka mwanzo. U hali gani huko? Kile kikohozi kimekuachia? Shangazi anakuacha ulale mchana ukitoka zamu, au bado anakuamsha umsogezee makabati? Mimi ni mzima, isipokuwa mikono imechubuka kwa sabuni ya hospitali, ndiyo kawaida yetu wafua mashuka. Mama hajambo, goti limetulia. Baba anakula, anaona na anasikia kila kitu. Yeye ndiye sababu ya barua hii, lakini usishtuke, soma taratibu.

Najua ukipiga simu unaambiwa huku ni kwema. Anayekwambia hivyo ni shemeji yetu Injinia, kwa kuwa simu huiwahi yeye. Jina la Injinia tulimpa kwa utani alipomwoa Kitindamimba wetu, na mwenzetu akaliamini. Nimemchoka mtu huyu mpaka nikisikia ndala zake ukumbini nahamia jikoni na sahani yangu.

Unaikumbuka kompyuta uliyotuachia chumba cha mbele, ya kuhariri video za harusi. Ilikuwa ya mwendo wa pole lakini haikuwahi kutuangusha. Siku moja Injinia alirudi kutoka kwa fundi wa kompyuta macho yamemtoka. Prosesa, yaani ule ubongo wa mashine, kumbe ilitengenezwa ikiwa na viini vinne vya kufanyia kazi, na kiwanda kikazima viwili kabla ya kuiuza. Fundi alimweleza vizuri tu kwamba vinazimwa kwa sababu. Pengine vilishindwa kwenye majaribio, pengine walitaka tu kuiuza kwa bei ya chini. Akamwambia pia kwamba akiviwasha achunge sana joto, kwa sababu kipoozeo kilichomo ni cha viini viwili. Injinia alibeba nusu ya kwanza ya maneno, nusu ya pili akaiacha palepale dukani.

Halafu akamweleza Mama! Unamjua Mama, akipunjwa kitunguu kimoja anarudi sokoni na kapu zima. "Miaka yote hii wametuibia nusu? Washa, mwanangu, hivyo ni vyetu." Kuanzia hapo haikuwa tena habari ya mashine, ikawa haki ya familia iliyodhulumiwa, na mimi niliyeuliza kuhusu joto nikaonekana natetea wezi.

Basi akaingia kwenye mipangilio ile inayofunguliwa kompyuta inapoanza kuamka, akaviwasha. Sikatai, siku za mwanzo ilikimbia. Injinia akawa anapita mtaani kifua mbele. Akachukua kazi ya harusi ya binti wa mshonaji, jirani yetu, akaahidi kuikabidhi kabla maharusi hawajasafiri.

Lakini joto, mdogo wangu! Ukifungua mlango wa chumba cha mbele ulipigwa na harufu ya vumbi linaloungua, na ukigusa kasha la mashine uliuvuta mkono haraka. Nikamwambia, shemeji, mashine hii inachemka. Akanionyesha kwenye skrini mahali panapoandikwa joto la prosesa. Palikuwa pameandikwa sifuri.

"Soma mwenyewe, shemeji. Sifuri. Friji yenu haifiki hapo."

Akasema hivyo huku anajifuta jasho la shingo kwa pindo la fulana. Baadaye fundi alitueleza kwamba ukiwasha viini vilivyozimwa, kipimo cha joto kinaweza kupotea na kuanza kuonyesha upuuzi. Sawa, kipimo cha mashine kilipotea. Na ngozi yake je, nayo ilipotea? Mtu mzima anatiririka jasho na anaamini sifuri kwa sababu imeandikwa.

Mashine ikaanza kujizima yenyewe katikati ya kazi. Kuvizima vile viini lilikuwa jambo la muda mfupi tu, lakini hapo Injinia angekuwa amekubali kwamba alikosea. Akaona heri afungue ubavu wa kasha na kuielekezea feni ya ukumbini. Haikutosha. Akatafuta feni ya pili, na hapa ndipo penye uchafu wenyewe.

Unajua kwa nini ulimnunulia Baba ile feni ya kusimama. Tangu kiharusi hawezi kujigeuza wala kusema, na joto likimkalia mgongoni anapata vidonda. Mimi nafua mashuka ya wagonjwa wa namna hiyo, najua vidonda hivyo vinaanzaje na vinaishia wapi. Alhamisi maji yalikatika hospitalini, tukaruhusiwa mapema. Nikaingia chumbani kwa Baba, nikashangaa sisikii mvumo wa feni. Feni haipo. Shuka limelowa na kumganda. Nzi wanamtembea kwenye paji la uso, na mkono wa kuwafukuza hauinuki. Alikuwa ananitazama tu. Nilipomgeuza nikaona ngozi juu ya makalio imekuwa nyekundu, sehemu moja imeanza kuchanika. Ukutani, upande wa pili, nilisikia feni yake inapepea bati la kompyuta.

Nilidhani ni siku hiyo tu. Kumbe wiki nzima ilikuwa hivyo. Nikishatoka kwenda kazini inachukuliwa, na kabla sijarudi inarudishwa mahali pake na hata kugeuzwa upande niliouacha. Mama alijua. Kitindamimba alijua, na ndiye aliyekuwa anambadilishia Baba shuka nisinuse jasho. Wote wamejitia hamnazo. "Si mpaka video ya harusi iishe tu," Mama akaniambia, hata kuniangalia hakuniangalia.

Sasa sikia utetezi wa Injinia. Alisema alimwomba Baba ruhusa, na Baba alikubali. Wewe ndiye uliyetufundisha ule utaratibu wa kuzungumza naye ulipokuja kumwona: ndiyo, anafumba macho, hapana, anayakodoa. Nikamuuliza Injinia alimwomba wakati gani. Akasema mchana, baada ya chakula. Baba mchana baada ya chakula huwa amelala! Mtu kasimama mlangoni, kamwomba mgonjwa aliyelala feni yake, kaona macho yamefumbwa, kaichomoa.

"Na asante nilimwambia," akaongeza, eti nimsifu.

Nilikwenda chumba cha mbele nikachomoa feni ya Baba. Injinia akapiga yowe, "Ngoja imalize!" Sikungoja, na sijutii. Nilikuwa bado namkaushia Baba mgongo niliposikia mlio mdogo, kisha ikaja harufu ya plastiki iliyoungua mpaka kitandani. Kompyuta yako haijawaka tena. Injinia atakwambia mimi ndiye niliyeiua, kwa hiyo nimekuwahi.

Fundi alikuja akatoa diski. Prosesa imekufa pamoja na ubao unaoibeba, na video ya harusi imeharibika. Kimoja kati ya vile viini kilikuwa kibovu tangu kiwandani, kikawa kinakosea hesabu zake kimyakimya. Bibi harusi amekatikakatika vipande vya miraba, kuna mahali kidevu kimekaa juu ya shela. Wiki nzima Baba amekaangwa kwa ajili ya kile kidevu. Bahati ya mshonaji ni kwamba picha zake asili zilibaki kwenye kadi za kamera, na fundi anaitengeneza upya kwake.

Ungetegemea aibu. Jana Injinia alikuwa mezani anatafuna huku anatueleza kwamba atakuomba ulete kompyuta nyingine, safari hii yenye viini sita, na Mama anaitikia kwa kichwa. Mdogo wangu, nakuomba usithubutu. Kama una chochote cha kutuma, tuma lile godoro la hewa la wagonjwa uliloniambia. Muuguzi mmoja wa kazini anakuja kumsafisha Baba kidonda, anasema tumewahi. Feni nimeifunga kwenye mguu wa kitanda kwa mnyororo wa baiskeli, ufunguo ninao shingoni hata sasa hivi ninapoandika.

Nisalimie Shangazi, mwambie makabati yake yanaweza kukaa yalipo. Mama anakusalimu. Kitindamimba naye anakusalimu, ingawa siku hizi tukipishana anatazama sakafu. Injinia hajanipa salamu, na angenipa nisingezibeba.

Baba nilimwendea leo asubuhi, ameshakunywa chai. Kwanza nilimshika mkono, nikamsemesha mpaka akanitazama, nihakikishe yu macho. Nikamuuliza kama nikuombee kompyuta nyingine. Akayakodoa macho, akayaacha wazi mpaka yakatoa machozi. Nikamuuliza kama nikwambie habari za mgongo wake. Akayakodoa tena, hakutaka uumie ukiwa mbali, na hilo nimemwasi. Mwisho nikamuuliza kama ana salamu za kukutumia. Akayafumba, akayakaza mpaka kope zikatetemeka, na mkono wake ukaubana wangu. Hakuwa amelala.

Mungu akufunike huko uliko, akurudishe ukiwa mzima, umkute naye mzima.

Ni mimi nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Dadako mkubwa