Msumeno Ulionyamaza

Bonde la Huon, Tasmania
Julai 14

Kaka yangu mpendwa Desmond,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu, nikitumaini barua hii itakukuta mzima huko Queensland kwenye jua lenu, na kwamba goti limepoa. Sisi huku hatujambo, tatizo ni baridi tu. Leo asubuhi maji ya mbwa yalikuwa barafu tupu.

Umeniuliza nani atashika msitu wetu wa kuni sasa tulivyozeeka. Ukasema tumpe mtu wa nje mwenye msumeno wa maana, kwa sababu binti yangu Bronwyn ana “mswaki wa umeme”. Najua ulicheka peke yako ulipoandika. Hata mimi nilicheka siku aliponunua ule msumeno wa betri. Mimi na wewe tumekata miti miaka thelathini kwa mashine za petroli zinazotikisa meno, na kitu kinacholia kama blenda hatukukihesabu kuwa msumeno. Lakini nisikilize kwanza.

Jumanne iliyopita upepo uliangusha mkaratusi mkubwa, ukaziba njia ya jirani yetu Noelene. Nilitoka na kaptura yangu, kama kawaida yetu. Bronwyn alinikuta pale akiwa na kofia ngumu, kioo cha uso, glavu na suruali nene ya kinga. Akanitazama miguu akasema, “Mzee, kwa magoti hayo wazi hugusi hata kijiti.” Noelene alicheka mpaka chai ikamwagika. Nikarudi nyumbani kubadili nguo, nimenuna.

Niliporudi alikuwa bado hajakata kitu. Aliuzunguka mti, akatazama juu, akaliona tawi bovu limening'inia kwenye mti wa pili, lile tunaloliita mtengeneza wajane kwa jinsi linavyowaangukia wakataji. Akatuhamisha sote. Kisha akasimama upande wa juu wa mteremko, gogo lisimviringikie, akaanza. Hakuinua msumeno kupita mabega yake hata mara moja, wala ncha yake haikugusa mti, maana ikigusa msumeno humrukia mkataji usoni. Tawi lililopindika kama upinde alilikata kidogo kidogo, likalegea bila kumrukia mtu. Saa sita mchana njia ilikuwa wazi. Kaka, nimefanya kazi na wanaume mia, na sijaona mkono mtulivu kama ule. Nilijivuna mpaka kifua kikauma.

Sasa nikiri. Kwenye simu nilikwambia mti ule niliukata mimi. Ulikuwa uongo mtupu. Niliona aibu kusema nilikuwa nimesimama tu pembeni.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Katikati ya kazi, nyuzi za gome zilijisokota kwenye mnyororo. Bronwyn akauweka msumeno chini, akaenda kulitazama tena lile tawi bovu. Mimi nikautazama ule msumeno: kimya. Kwetu sisi mashine ikinyamaza imezimika, hayo tumeyaishi. Lakini huu wa betri huwa kimya hata ukiwa tayari kuuma. Nikavua glavu, nikaingiza vidole vya mkono wa kulia kwenye mnyororo nizivute zile nyuzi. Mkono wa kushoto ukashika mpini, na kwa mazoea ukabana vitufe vyote viwili, cha usalama na cha kuwashia.

Hakuna kilichotokea. Nikainua macho. Bronwyn alikuwa amesimama, amepauka kama unga, betri iko mkononi mwake. Alikuwa ameichomoa kabla hajapiga hatua ya kwanza. Hakunifokea. Alisema tu, “Baba, hata nikienda kukojoa naitoa.” Nilikaa juu ya gogo nikalia, mbele ya Noelene, na sijali.

Kwa hiyo msitu ni wake. Hati nimeiambatanisha, sehemu yangu nimeshatia sahihi. Tia yako uirudishe, na ukimpigia simu Bronwyn, mwombe radhi kwa ule mswaki.

Msalimie sana shemeji Maureen na wajukuu wote. Noelene naye anakusalimu. Ukiona mwandiko unatetemeka, usihofu, ni baridi tu. Mkono ulioandika haya ndio uliokuwa kwenye mnyororo, na vidole vyote vitano vipo.

Ndugu yako akupendaye,
Mervyn