Maji ya Nekesa Ndani ya Friza Yangu

Pioneer, Eldoret

Dada Rael,

Nekesa amepita. Walimu wake wamekubali kazi yote, na sasa mtoto wetu wa Kimilili ni msomi wa bahari ambayo mimi mama yake sijawahi kuiona. Nimeanza na hiyo kwa sababu ningeanza na salamu ningepasuka.

Haya, mko aje huko? Magoti ya Mama yametulia? Sisi ni wazima, mvua imezidi, lakini mandazi yangu yanaisha kabla ya saa nne. Nimeandika badala ya kupiga simu ili umsomee Mama polepole. Majirani wakiwa karibu, soma kwa sauti.

Uliuliza anasomea nini hasa. Anapima chuma ndani ya maji ya bahari. Usicheke. Chuma chenyewe ni kidogo sana, na kikiachwa peke yake kinageuka kutu kinazama. Lakini mimea na vidudu vikioza vinaacha vitu vimeyeyuka majini, huwezi kuviona, na vitu hivyo ndivyo vinavyokishikilia kisizame. Mimea midogo ya baharini inakula hicho chuma, samaki nao wanakula hiyo mimea. Nekesa anataka kujua kimeshikwa kwa nguvu gani. Alinielezea kwa mfano wa mtoto aliyebebwa mgongoni: shangazi ananyoosha mikono amwite, na ukiona mtoto amekataa kwenda, umejua ameshikamana na mama yake. Basi anatia dawa ya kukivuta kile chuma, kisha mashine inamwonyesha kilichoenda na kilichobaki. Hapa Pioneer hakuna mtoto mwingine wa kazi hiyo. Nimeulizia.

Sasa sikia kilichotupata. Alitoka Mombasa na maji yake kwenye chupa za plastiki, yamegandishwa, akafika Jumamosi akakuta maabara ya chuo imefungwa. Nikatoa maziwa na nyama yote kwenye friza, tukaweka chupa. Akanionya mtu asifungue hata moja. Vumbi jekundu la barabara yetu limejaa chuma, likiingia kidogo tu vipimo vyote vimeharibika, na hata mafuta ya vidole ni hatari. Meli iliyochota hayo maji ilishaondoka, mengine hakuna.

Jumapili akaenda kumtafuta mwenye funguo. Huku nyuma akina mama wa kanisa wakaja kwangu kwa maombi, ilikuwa zamu yangu. Mdomo wangu unaujua. Nikawaambia kilichomo kwenye friza. Mwenyekiti wetu, Mama Beatrice, akainuka akasema kazi kubwa hivyo haiendi kwa mashine bila kuombewa. Akatoa mafuta yake ya upako, akashika mfuniko wa friza, anataka kila chupa ifunguliwe ipate tone.

Dada, huyu ndiye aliyekesha na mimi hospitali wiki nzima baba Nekesa alipokufa. Nilimwonea haya, lakini nikaenda nikakalia friza. Huu mwili mnaoucheka siku hiyo ulifanya kazi.

"Mama Beatrice, ombea hapo hapo," nikamwambia. "Mungu anaona kupitia mfuniko."

"Mtoto amesoma, sasa umeanza kuogopa maombi?"

"Maombi siogopi. Naogopa mafuta."

Waliomba kwa sauti ya chini, wakaondoka wameacha chai kwenye vikombe. Tangu hapo Mama Beatrice akawa anapitia upande wa pili wa barabara. Nilikuwa nauza mandazi huku moyo unauma, maana hata sikujua kama hayo maji yatafaa.

Yamefaa. Nekesa alipopima hakuona dalili ya vumbi, na chuma karibu chote kilikataa kumfuata shangazi. Walimu walitaka kujua kwanza kama kuna mtu alifungua chupa njiani. Akawajibu kwamba mama yake alizikalia. Wakacheka, wakampitisha.

Jioni hiyo hiyo alienda mwenyewe kwa Mama Beatrice, akamweleza mambo ya vumbi na mafuta mpaka akaelewa. Mama Beatrice akasema, "Kwa hivyo maombi yangu yalipenya plastiki."

Sasa anatangazia mtaa mzima kwamba ni yeye aliyepitisha mtoto. Nimemwachia. Asubuhi yuko kwangu anakunywa ile chai, na ibada ya shukrani amesema ataongoza yeye.

Nisalimie shemeji yangu mwenye ng'ombe wengi, mjomba wetu fundi wa viatu, na yule mke wa kaka aliyesema msichana asipelekwe chuo. Huyo msalimie mara mbili. Mama apewe kiti cha mbele kwenye gari. Mimi mdogo wako, Mama Nekesa, nawangoja nyote kwenye hiyo ibada, Jumamosi ya kwanza ya Desemba.