Chai ya Chunya Ilinuka Tumbaku

Jumanne. Ukungu umeshuka mpaka madirishani, mlima Loleza sijauona tangu asubuhi, nami nimekaa ofisini na koti kama mgeni anayekaribia kuaga.

Walionishauri nifungue blogu hii walisema mkurugenzi wa kampuni ya chai wa siku hizi lazima azungumze na wateja wake. Mwanzoni niliandikiwa. Neema, binti wa kitengo cha masoko, alinitungia maneno matamu kuhusu familia ya wanywaji wetu, akaweka na picha yangu nimeshika kikombe. Kikombe chenyewe kilikuwa kitupu. Nilicheka peke yangu, kisha nikaanza kuandika mwenyewe.

Leo nimempata mteja wa kuzungumza naye, na kutwa nzima nilishindwa kumjibu.

Ni mama lishe wa Mafinga anayewauzia chai madereva wa malori ya mbao. Ameandika hivi: "Mama mkurugenzi, chai yenu ya pakiti ndogo tunachemsha mpaka sufuria inataka kukauka, rangi haiji. Kwani wewe nyumbani unakunywa hii hii?"

Neema aliniletea jibu la kushukuru kwa maoni. Akashauri kwamba kama sitaki kulituma, basi swali lifutwe kimya kimya. Nikamwambia aniachie. Tangu hapo mwili uko Mbeya, akili iko Chunya.

Miaka ya sabini nilikuwa mpiga chapa kiwandani, binti wa Kihehe kutoka Iringa mwenye sketi moja ya kazini. Meneja wetu, Mzee Kyando, alikuwa na desturi iliyowachekesha wenzake. Waonjaji wetu walionja chai bila maziwa wala sukari, wakaisukutua mdomoni, wakaitema. Yeye alisema hajawahi kumwona mteja akitema chai. Basi kila petroli ilipopatikana alikwenda kuinywa majumbani, vile watu wanavyoipika wenyewe. Na kwa kuwa mwanamume mgeni haingii tu jikoni kwa mke wa mtu, alinichukua mimi. Mimi ndiye niliyepiga hodi, nikasalimia, nikawasha moto na mwenye nyumba, mpaka Meneja akakaribishwa kigoda. Nilizipenda safari zile. Nilirudi nyumbani nikinuka moshi na vumbi, nimefurahi.

Safari ya Chunya ilitufikisha kwa Bi. Mwanahawa, mke wa mwenye duka, ambaye wazee wake walitoka pwani. Alitupikia chai ya maziwa na iliki, akatutengea na vitumbua. Nikapiga funda la kwanza, nikamtazama Meneja.

Ilikuwa tumbaku tupu.

Mzee Kyando aliuliza kwa upole kama majani yetu huwa na harufu ile siku zote. Bi. Mwanahawa akamshangaa.

"Kwani ya kwenu huko haina? Sisi tulijua chai yenu ndivyo ilivyo, Ndugu Meneja."

Kumbe majani yalipofika Chunya yaliwekwa ghala moja na tumbaku ya wakulima, na majani ya chai hunyonya harufu ya chochote kilicho jirani. Waonjaji wetu wasingejua kamwe, maana kiwandani yaliondoka yakiwa mazuri. Na nani angelalamika? Enzi zile ulikunywa kilichopatikana.

Meneja alisimama barazani pa duka akawaambia watu kosa hilo yeye mwenyewe, akaomba majani yarudishwe yabadilishwe. Wakamkatalia. Walisema chai ya tumbaku ni afadhali kuliko maji ya moto. Ikabidi tulete mapya kwanza. Siku hiyo Bi. Mwanahawa alichemsha, akaonja, akaonja tena, kisha akacheka mpaka akafuta machozi kwa ukingo wa kanga. Ninamkumbuka akicheka hivyo kuliko ninavyokumbuka sherehe zote za kampuni hii. Mzee Kyando hayupo tena duniani, na leo natamani angekuwapo.

Sasa niseme ukweli. Nyumbani kwangu ninakunywa chai ile tunayouza nje ya nchi. Mchanganyiko wa pakiti ndogo tuliubadili mwaka jana ili bei isipande. Nililetewa kijiko kimoja kikaoni. Nikaonja, nikatema, nikasema sawa.

Jioni hii nimemjibu mama wa Mafinga hapa hapa, wote wasome: hapana, ninakunywa nyingine, mchanganyiko tuliubadili, na mimi niliukubali. Nikaomba kesho anipikie hiyo anayowapikia madereva. Neema aliposoma alishika kichwa. Bodi nao watasoma, na huenda hii ikawa siku yangu ya mwisho kuandika nikiwa na cheo. Ninaogopa, sitaki kujifanya shujaa.

Jibu lake halikuchelewa.

"Karibu sana mama. Ila ukija beba na majani yako, mimi nilishahamia kwa wenzenu."

Nimelisoma mara nyingi. Watu wa Chunya walitungoja kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Huyu anapo, ameshakwenda, na bado alijisumbua kuniuliza.

Pakiti ndogo iko kwenye mkoba wangu. Alfajiri naelekea Mafinga, na sijui bado kama nitaanza kwa kumwomba radhi au kwa kumwomba arudi.