Kidonge cha Vestine

Jumapili, 5 Februari 2023

Nimeona. Kwa macho yangu mawili, na haya si macho ya mchezo — yaliona mashimo ya barabara ya Ngomo, milimani kwetu Kongo, kwenye ukungu, lori limejaa hadi juu, breki zimechoka.

Nimefika Saint Paul, kwenye nyumba ya wazee, mapema kuliko Jumapili nyingine. Pasta ana mafua, ibada imekuwa fupi. Mlango wa chumba cha mke wangu ulikuwa wazi kidogo. Nesi Keziah amesimama kando ya kitanda, kale kakikombe ka dawa mkononi. Kidonge cha maumivu. Nikangoja ampe Vestine. Akakitia kinywani mwake yeye! Akakisindikiza na maji ya Vestine. Halafu akamfuta Vestine midomo kwa kitambaa, taratibu, kama mtu aliyemlisha.

Vestine hasemi tena. Kiharusi kilichukua maneno yote, kikaacha macho na mlio wa kooni. Nyonga inamuuma mpaka machozi. Sasa najua kwa nini siku nyingine analala kama mtoto mchanga, na siku nyingine analia mchana kutwa.

Nikarudi nyuma kwenye korido, nikakohoa kwa nguvu, ndipo nikaingia.

— Shikamoo, mzee wangu!

— Marahaba, mwanangu.

Marahaba! Mimi Anicet, niliyewafokea wanajeshi kwenye vizuizi wakanifungulia njia. 

Jumanne, 7 Februari

Nimemwambia Héritière, binti yangu. Alikuwa ametoka kazini, bohari ya Eagan, hajavua hata buti. Akaniuliza kwa Kiingereza kama nina hakika. Akihofu anakimbilia Kiingereza, nimemzoea.

Halafu akarudi kwenye Kiswahili chetu: Papa, Keziah ndiye aliyetupokea uwanja wa ndege. Koti hilo unalovaa ni yeye aliyelinunua. Ndiye aliyemtafutia mama nafasi pale. Mume wake ni mzee wa kanisa letu. Tukimgusa, Wakenya wenzake wote watatugeuzia mgongo, na Wakongomani wetu watawafuata.

Nikamwambia: na mama yako, nani anamgeuzia uso?

Akalia. Akatafuta kwenye simu. Kumbe kuna bodi ya manesi ya jimbo. Ndiyo inayotoa leseni, ndiyo inayoichukua. Hapo nikaelewa mara moja, mambo ya leseni usinifundishe. Dereva mlevi hapewi usukani.

Lakini usiku sikula. Nimesingizia tumbo.

Alhamisi, 9 Februari

Nimefanya. Bodi wamenisikiliza kwa simu, katikati mkalimani, mwanamke wa Kitanzania, Kiswahili kimenyooka kama kamba ya fundi ujenzi. Aliniita baba. Nilisema yote. Wakauliza nani mwingine aliona. Nikasema mimi peke yangu, na mimi peke yangu natosha! Mkalimani akatafsiri kwa maneno machache kuliko yangu. Sijui aliitafsiri vipi.

Wamesema jina langu watalitunza. Uchunguzi unachukua muda. Wakasema na mimi nitunze kinywa changu. Héritière akanitazama waliposema hivyo. Nikakasirika. Mimi ni mtoto?

Kisha tukampigia mama mkubwa, msimamizi wa ile nyumba ya wazee. Mzungu, sauti ya baridi lakini alisikiliza. Ataangalia hesabu za dawa. Kwa sasa Keziah atahamishiwa ghorofa ya juu.

Juu tu! Paa moja na Vestine.

Jumatatu, 13 Februari

Nimekutana na Keziah kwenye lifti. Yeye na mimi, basi. Nimevaa lile koti. Mshenzi mimi, sina jingine.

Akanirekebisha kola. Eti bado linakukaa poa, mzee wangu. Akaniuliza hali ya mama, eti siku hizi hawamruhusu kushuka chini, hajui kwa nini. Akanitazama.

Nikasema Mungu ni mwema.

Vestine amelala vizuri wiki hii. Nesi mpya anampa kidonge mbele yangu. Nikimshika mkono, anaukaza wangu. Hili naliandika ili nisisahau kwa nini nilianza.

Jumatatu, 20 Februari

Sijui niandike vipi. 

Kila alfajiri kanisa letu lina maombi ya simu. Mnapiga namba moja, wote mnasikilizana, pasta anaongoza, anayeitwa anaomba. Wengine wako kitandani, wengine wako kwenye gari. Mimi najulikana kwa maombi. Hakuna mtu wa Bukavu hapa mwenye maombi kama yangu, hata pasta anakubali, akichoka anasema Papa Anicet tuinulie hema la maombi.

Leo akaniita. Nikawaka. Nikaombea wagonjwa, wajane, walio kwenye theluji. Roho ikapanda. Nikasikia watu wanasema ndiyo Bwana, ndiyo! Nikaona nifunike kwa mfano, kama manabii, nani atajua? Nikasema: Baba, yuko mtu anayekula dawa kinywani mwa mgonjwa asiye na sauti. Lakini mtumishi wako hakuogopa! Mtumishi wako amemfikisha kwenye bodi! Mpindue, Bwana, aanguke na leseni yake!



Watu waliokuwa wanapiga kelele za ndiyo Bwana, kimya. Nikasikia tu gari la mtu linaashiria kukata kona, tik, tik, tik.

Halafu sauti moja. Tulivu. Naijua.

— Amina.

Ni Keziah. Nilifikiri Jumatatu alfajiri yuko kazini! Yuko kazini, kumbe simu iko sikioni.

Bodi walilitunza jina langu. Mimi nimelitangaza mwenyewe kwa watu wote, nikalipamba na mistari ya Biblia. Héritière alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Jumanne, 21 Februari

Zachariah amekuja, mume wa Keziah. Ameleta unga wa ugali na chai ya Kericho, kama anakuja msibani. Akakaa. Akakataa kuvua kofia.

Hakupiga kelele. Alisema, baba, hata kama kuna jambo, kwetu linaanzia kwa wazee. Mngetuita. Tungekaa, tungeomba, tungeyamaliza. Wewe umekimbilia serikali. Leseni ni miaka yake yote. Watoto wake wanakula hiyo leseni.

Nikasema mke wangu anakula nini?

Akatazama chini. Akasema Keziah haumwi na wizi, anaumwa na mgongo. Miaka ya kuinua watu wazima.  Kwa hiyo anajua! Nikamwuliza: kwa hiyo unajua? Akainuka.

Mlangoni akasema: wapigie, uwaambie ulikosea kuona. Mzee wa miaka yako, nani atakulaumu?

Nikamwambia Anicet hajawahi kukosea kuona. Nilisema kwa sauti kubwa ili jirani asikie. Alipoondoka nikafunga kufuli, nikaweka kiti nyuma ya mlango. Unga sijaufungua. Nitaufungua vipi?

Wanasema theluji kubwa inakuja. Héritière anasema kesho nisitoke. Nitatoka. Nitakaa kando ya kitanda, koti na viatu, mpaka yule mama mkubwa anisikilize. Vestine hatakaa peke yake kwenye jengo lile.

Jumatano, 22 Februari

Nilipanda treni kabla Héritière hajaamka. Toka kwetu Bloomington ni treni mbili, na ya pili ilikuwa inatambaa kama konokono. Nimefika nimelowa mpaka magotini. Nikacheka mwenyewe: Ngomo ilinishindwa, Minnesota nini?

Sasa sicheki. Dirisha jeupe lote. Barabara zimefungwa. Mama mkubwa hakufika. Nesi wa Vestine gari lake limekwama. Wasichana wawili wa kuogesha na kulisha wako juu na wagonjwa wengine. Nesi ni mmoja tu, alilala humu tangu jana.

Aliingia sasa hivi.

— Mzee wangu! Umekuja na hii snow yote? Wewe ni simba kweli.

 Nilisimama kati yake na kitanda. Akaangalia koti langu, limetandazwa kwenye hita, linadondosha maji. Vestine alianza ule mlio wa kooni. Tangu asubuhi hajapata dawa, nyonga imemkaza, jasho usoni.

Keziah ana macho mekundu. Ameegemea mlango kama mtu mwenye kiuno kibovu. Akanyoosha kikombe.

— Leo mpe wewe mwenyewe. Si hiyo ndiyo ulitaka?

Nikasema ni dawa gani hii.

— Ni ya mama. Mpe, ama usimpe. Nitarudi kuchukua kikombe.

Akatoka. Mlango ameuacha wazi kidogo, kama siku ile.

Kidonge nimekiweka hapa, juu ya karatasi, naandika pembeni yake. Cheupe, mviringo. Kile nilichokiona nacho kilikuwa cheupe. Lakini nchi hii vidonge vyote vyeupe! Nimekinusa. Hakinuki. Nimekilamba ncha ya ulimi. Uchungu. Kila dawa uchungu.

Nikimpa, na si chenyewe? Nisipompa, analia mbele yangu, na mimi ndiye ninayemnyima. Nikikitia mfukoni nikipeleke kama ushahidi — watanikuta na dawa ya mgonjwa mfukoni, wataniita mimi mwizi. Nikibonyeza kengele, atakayekuja ni yeye. Héritière nimempigia, hapokei, kule bohari simu hukaa kwenye kabati.

Anicet, fikiri. Ulishusha lori milimani bila breki. Ulijua la kufanya.

Vestine ananitazama. Si mimi, mkono wangu. Amefungua kinywa. Ananiamini, mjinga huyu, tangu ujana wake ananiamini.

Viatu vya mpira kwenye korido. Vinakuja polepole, kimoja kinaburuza. Ni Keziah, anafuata kikombe, na kidonge bado kiko juu ya karatasi.