Naitreti Imegoma Kushuka

Jumanne

Tabora nzima, kuanzia hapa Gongoni mpaka Itetemia, hakuna anayewajua samaki wa baharini kunishinda mimi. Bahari yenyewe sijawahi kuiona, lakini hasara ni yake.

Nilimwambia Mama Nasra, mwenye duka la vitambaa, kwamba sponji la chujio la tangi lake la samaki linashika makombo, yanaoza humo, ndiyo yanayozaa naitreti inayoua samaki. Nikalitoa. Nikabakiza mawe ya baharini, maana ndani yake mna vijidudu vinavyoila hiyo naitreti. Leo nimepima tena maji, dawa imegeuka nyekundu vilevile, yaani naitreti bado imejaa.

“Haya, fundi wa kidato cha pili,” akasema, “sasa unatoa nini? Mawe au samaki?”

“Tatizo ni mkono wako, mama. Unamlisha samaki kama anakwenda kulima tumbaku.”

Hakucheka. Akasema mmoja ameshakufa, na huyu aliyebaki ndiye ambaye binti yake humuulizia kila akipiga simu kutoka Dar. Akafunika kopo la chakula, akaliweka juu ya kabati.

Jioni nikachota kisimani maji mapya ya kwenda kuchanganya na chumvi ya tangi. Sijui nini kilinituma, nikayapima kabla sijatia chochote.

Nyekundu.

Kisima ni cha mjomba, kimezungukwa na mahindi, na mbolea yenye naitreti niliimwaga mimi mwenyewe. Ni mimi niliyemshawishi Mama Nasra aache maji ya bomba.

Samaki amelala njaa leo, na mama wa watu anaamini ni yeye aliyemuua yule mwingine.