Anayetuletea Mkate

Seraina, upo? Usinipigie, nalia, sitaweza kuongea. Soma tu.

Leo nimepanda kwa Andri, kule kwenye kibanda cha wapanda milima anachokisimamia. Mwendo wa saa nne, mgongoni mikate kumi na keki ya njugu aliyooka mama, maana leo mimi na Andri tunatimiza miaka mitatu ya uchumba. Pale kwenye minyororo ya kujishikilia mwamba bado una barafu, nimepita nikitambaa!

Nafika, wapandaji wamejaa mezani wanakunywa supu. Na kuna dada mmoja simjui, amekaa karibu na jiko, kavaa sweta la Andri. Lile la kijivu nililomfumia mimi.

Akauliza, "Andri mpenzi, huyu nani?"

Unajua kajibu nini?

"Huyu ndiye anayetuletea mkate kutoka kijijini."

Anayetuletea mkate!! Seraina, barua ya kuacha kazi shuleni nimeshaipeleka, ili kiangazi kijacho tukiendeshe kibanda wote wawili. Anayetuletea mkate!

Yule dada akasogea kwenye benchi. "Pole na mlima, dada. Kaa upate supu." Kwa upole kabisa. Maskini, hajui lolote.

Nikatua mzigo, nikatoka. Mara nasikia mtu anakimbia nyuma yangu. "Ladina! Ladina, ngoja!" Nikasimama. Nikajua anakuja kuniomba msamaha, na Mungu anisamehe, nilikuwa tayari kumsamehe.

Akasema, "Alhamisi utapanda? Wageni wengi, mikate hii haitatosha."

Na mimi nikamjibu, "Nitapanda."